Usikaze Kebo: Jinsi Breki za Nyuma Zinavyorekebishwa na Kubadilishwa

Ukishuka kutoka Kiboswa kuja Kisumu, pale Riat ziwa lote hufunguka mbele yako kwa mara moja. Mgeni hutazama ziwa. Sisi wa gereji za huku chini, upande wa Mamboleo, hutazama magurudumu ya nyuma, maana gari likifika bondeni likitoa harufu kali ya kuungua, tunajua mteremko mzima umeshukwa kwa breki peke yake.

Hapo ndipo mama mmoja anayeleta ndizi na parachichi kutoka Mbale ya Vihiga hadi soko la Kibuye hapa Kisumu alipoegesha Probox yake Jumapili moja asubuhi, injini bado ikinguruma. “Fundi, nikazie hendibreki kidogo. Breki inaingia ndani sana, na wateja wananingoja.” Nikamwuliza, mama, imeshakazwa mara ngapi? Akahesabu kwa vidole. Hii ingekuwa mara ya tatu tangu Krismasi.

Ombi hilo nalisikia karibu kila wiki. Mafundi wengi hulimaliza kwa dakika tano: wanafungua kifuniko kando ya kiti cha dereva, wanakaza nati ya kebo, yaani waya wa hendibreki (breki ya mkono), na mwenye gari anaondoka akishukuru. Pedali hupanda kweli. Lakini breki haijarekebishwa, ugonjwa umefunikwa tu. Nami nilifanya hivyo miaka yangu ya mwanzo, kwa kuwa ndivyo nilivyoona ikifanywa, na bado nayafikiria magari niliyoyarudisha barabarani namna ile. Hendibreki na breki ya mguu ni vitu viwili vinavyotumia viatu vilevile, na kila kimoja kina mahali pake pa kurekebishwa. Ukivichanganya, unaharibu vyote viwili.

Tuanze na kilichomo ndani. Magari mengi madogo ya huku, kuanzia Probox na Vitz, na hata Hiace za matatu, yana diski mbele na dramu nyuma. Dramu ni kama sufuria nzito ya chuma iliyofunikwa kifudifudi, nayo huzunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake kuna viatu viwili vya breki, ambavyo mafundi huviita shuu, vyenye umbo la mwezi mchanga, vimetazamana, kimoja upande wa mbele wa gari na kingine upande wa nyuma. Mgongoni mwa kila kiatu kumegandishwa lainingi, ile sehemu ngumu ya kijivu au nyeusi inayosugua chuma. Juu, kati ya vichwa vya viatu, kuna silinda ndogo ya gurudumu yenye pistoni mbili. Ukikanyaga pedali, mafuta ya breki huzisukuma pistoni kila moja upande wake, viatu vinatanuka na kugusa dramu. Ukiachia, springi zinavirudisha.

Viatu hivi viwili havifanyi kazi sawa, ingawa vinafanana. Gari likienda mbele, dramu inayozunguka hukivuta kiatu cha mbele na kukikandamiza zaidi ndani yake, kama kabari iliyo chini ya mlango: kadiri mlango unavyosukumwa, ndivyo kabari inavyong'ang'ania. Kiatu cha nyuma, kinyume chake, husukumwa na dramu mbali nayo. Ndiyo maana dramu huuma vizuri hata kwa mguu mwepesi, na ndiyo maana pia lainingi ya kiatu cha mbele mara nyingi huisha kwanza. Fundi akichungulia kiatu kimoja tu akakwambia “bado ziko sawa”, mwombe atazame na cha pili.

Sasa nafasi. Gari likiwa halijakanyagwa breki, kati ya lainingi na dramu huwa na mwanya mdogo, kama unene wa karatasi chache za daftari. Mwanya huo ndio moyo wa mambo yote. Lainingi ikiliwa, mwanya unapanuka, pistoni inalazimika kutembea mbali zaidi, inahitaji mafuta mengi zaidi, na mafuta hayo lazima yasukumwe na mguu wako. Kwa kuwa kiatu kimeegemea chini na kusukumwa juu, milimita moja inayoliwa katikati ya kiatu huwa kama milimita mbili kwenye pistoni. Ukipiga hesabu kwa vipimo vya gari dogo, milimita moja ikiliwa kwenye kila kiatu bila kufidiwa, pedali hushuka kama sentimita mbili. Lainingi nyembamba tu, na mguu tayari uko karibu na sakafu.

Ili hilo lisitokee, kati ya viatu viwili kuna ufito wa chuma wenye skurubu na kigurudumu cha meno madogo kama nyota. Hiyo ndiyo ajasta. Kando yake kuna kijiti chenye springi. Kila viatu vinapotanuka kupita kiasi, kijiti hushika jino moja la nyota na kulizungusha, ufito unarefuka kidogo, na viatu vikirudi vinasimama karibu zaidi na dramu. Kwa magari mengine hilo hutokea ukikanyaga breki, kwa mengine ukivuta hendibreki, na yapo yanayofanya hivyo ukikanyaga breki huku gari likirudi nyuma. Kwa vyovyote, ajasta inapima safari ya kiatu. Safari ikiwa fupi, inaona mambo ni shwari na haifanyi lolote. Ikiwa ndefu, inazungusha.

Kebo ya hendibreki inaingia kwenye mkono wa chuma ulioshikizwa kwenye kiatu cha nyuma. Ukivuta hendibreki, mkono huo huegemea ufito wa ajasta na kuvitanua viatu vyote viwili. Hendibreki ikiachiliwa, mkono unapaswa kurudi mpaka mwisho wake na kutulia kwenye kiatu. Fundi akikaza nati ya kebo kupita kiasi, mkono haurudi tena. Viatu vinabaki vimetanuliwa nusu, vikishikiliwa na waya. Mwanya unaonekana mdogo, pedali inapanda, na ajasta, ikipima safari, inaona fupi na kulala usingizi. Kuanzia siku hiyo hakuna kinachofuata kuliwa kwa lainingi isipokuwa waya, na waya hautajikaza wenyewe. Baada ya wiki chache pedali iko chini tena. Unarudi, unakaziwa tena. Huku nyuma, ikitokea upande mmoja umekaza kuliko mwingine, kiatu kinasugua safari nzima, dramu inapata moto, na mafuta ya petroli yanaisha bila wewe kujua yameenda wapi.

Ndiyo hali niliyoikuta kwenye Probox ya mama yule. Nati ya kebo ilikuwa imefika mwisho wa uzi wake, ile mikato ya skurubu, haikuwa na pa kwenda tena. Nilipovua dramu ya kushoto, nyota ya ajasta ilikuwa imeota kutu hadi haizunguki kwa vidole, wala kwa koleo. Kulia ilizunguka, lakini meno yake mengi yalikuwa mapya kabisa, bila alama ya kuguswa. Gari limetembea miaka hivyo.

Kabla ya kufungua chochote, mguu wako unaweza kukwambia mengi. Gari likiwa limesimama, injini inawaka, kanyaga pedali mara moja kwa utulivu. Ikiingia chini sana, iachie na ukanyage tena haraka. Kama mara ya pili inasimama juu zaidi na ni ngumu, basi uwezekano mkubwa ni mwanya wa nyuma kuwa mpana. Kama inapanda lakini ni laini, inabonyea kama sponji, kuna hewa ndani ya mafuta. Na kama inasimama vizuri kisha, huku umeikanyaga bila kuachia, inazama polepole, kuna mahali panapovuja au masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali, imechoka ndani. Mambo hayo matatu yana dawa tatu tofauti, na hakuna hata moja kati yake inayoponywa kwenye nati ya hendibreki.

Sasa kulifungua gurudumu. Weka gari mahali tambarare penye sakafu ngumu. Udongo wetu mweusi wa huku bondeni, mvua ikinyesha, humeza jeki. Kinga magurudumu ya mbele kwa mawe au vigingi mbele na nyuma, kwa sababu kazi hii inataka hendibreki iwe imeachiliwa, na gari lisilozuiwa na kitu litaondoka. Legeza nati za gurudumu kabla hujainua. Inua, kisha weka stendi chini ya sehemu imara. Jeki ni ya kuinulia. Usiingize hata mkono chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Dramu mara nyingi hukataa kutoka. Watu huchukua nyundo. Subiri kwanza. Tazama uso wa dramu: magari mengi ya Kijapani yana matundu mawili yenye uzi, ya bolti za namba 8. Ingiza bolti mbili, kaza moja nusu mzunguko, kisha nyingine, kwa zamu, na dramu itajisukuma yenyewe kutoka kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu. Ikianza kutoka halafu ikakwama, ni kwa sababu viatu vimechimba mfereji ndani na ukingo wa kutu umebaki pembeni ukivizuia. Hapo nenda nyuma ya bati linaloshikilia viatu, utoe kifuniko kidogo cha mpira, uingize bisibisi mbili: moja inaondoa kijiti kwenye meno, nyingine inairudisha nyota nyuma ili viatu vijikunje. Nyundo iwe ya mwisho, ya mpira, na ipige taratibu kuzunguka. Dramu ni chuma cha kusubu, nacho hupasuka.

Dramu ikitoka, kutakuwa na vumbi jeusi. Hili naliomba kwa dhati, hasa kwa vijana wanaoanza kazi: msilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asibestosi, na nyuzi zake zikiingia mapafuni hukaa humo miaka mingi na zinaweza kuleta saratani. Huwezi kujua kwa macho kiatu kilichoko mbele yako kimetengenezwa kwa nini. Lowesha vumbi kwa maji yenye sabuni kidogo, liache lichuruzike kwenye beseni, kisha pangusa kwa kitambaa chenye unyevu. Na petroli isitumike kuosha hapa. Huharibu raba za silinda, na cheche moja inatosha kuleta msiba.

Kisha simama utazame, bila kugusa. Piga picha kwa simu. Fungua upande mmoja tu kwa wakati mmoja, ili ukisahau springi ipi inaingia wapi, upande wa pili uwe ni kitabu chako. Kumbuka tu kwamba upande ule mwingine ni kama kioo: kilicho kushoto huku kiko kulia kule. Hata uzi wa ajasta hugeuzwa. Mmoja hurefuka ukizungushwa kulia, wa pili ukizungushwa kushoto. Ukizibadilishana, kila unapokanyaga breki ajasta itakuwa inafupisha badala ya kurefusha, na pedali itazidi kushuka siku hadi siku huku viatu vikiwa vipya. Nimekutana na gari lililobadilishwa viatu mara mbili kwa kosa hilo.

Kinachotazamwa ni hiki. Unene wa lainingi: magari mengi madogo ya Toyota yana kikomo cha milimita 1, lakini mtu anayeshuka milima kila siku asingoje mpaka hapo. Mimi hubadilisha zikikaribia milimita 2. Kama lainingi imefungwa kwa ribiti, pima kutoka kichwa cha ribiti, si kutoka kwenye bati la kiatu. Tazama nyufa, tazama kama inang'aa kama kioo, dalili ya moto mwingi. Halafu inua taratibu kingo ya raba ya silinda ya gurudumu. Ndani pakiwa na majimaji, silinda inavuja, na viatu vipya vitalowa kabla havijazoea. Badilisha silinda, na ikiwezekana ya upande wa pili pia, kwa sababu zimezeeka pamoja.

Unyevu ndani ya dramu si lazima utoke kwenye breki. Hiace na pikapu nyingi zina ekseli nzima nyuma, na sili yake, ile raba ya kuzuia mafuta, ikichoka, mafuta ya difu, yaani ya gia za ekseli, hupenya hadi kwenye viatu. Pua inajua tofauti. Mafuta ya difu ni mazito na yananuka salfa, kama yai viza. Mafuta ya breki ni mepesi, yanateleza, na yakigusa rangi ya gari yanaivua. Ukibadilisha silinda ilhali ni sili ya ekseli inayovuja, umetupa pesa. Na lainingi iliyokunywa mafuta, ya aina yoyote, haisafishiki; ukiichoma au kuiosha ikaonekana kavu, joto la mteremko wa kwanza litayatoa tena mafuta yaliyojificha ndani.

Dramu yenyewe pitisha kidole ndani. Mifereji midogo si kitu. Mifereji inayoshika ukucha inataka kuchongwa kwenye lathi, mashine ya kuchongea chuma, na hapo kuna mpaka. Ndani au nje ya dramu kumeandikwa kipenyo cha juu kabisa kinachoruhusiwa. Kwa mfano, dramu iliyozaliwa na kipenyo cha milimita 200 huandikwa 201. Ikishavuka hapo ni nyembamba mno, inapata moto haraka na inaweza kupasuka. Ni chuma chakavu. Na ukichonga moja, chonga na mwenzake kwa kipimo kilekile, la sivyo gari litavuta upande mmoja.

Viatu hubadilishwa vyote vinne, kushoto na kulia, kwa siku moja. Kuna viatu vya mtumba kutoka Japani vinavyouzwa kwa bei ya chini, na siwalaumu wanaovinunua, lakini lainingi iliyokaa miaka na kuzoea dramu nyingine haitakaa vizuri kwenye ya kwako. Springi pia huchoka. Iliyopata moto hadi ikabadilika rangi kuwa samawati, au iliyoachia mapindo yake, haina nguvu ya kurudisha kiatu, na kiatu kisichorudi ni moto.

Kabla ya kufunga, tazama bati la nyuma. Lina vibonge vidogo vilivyoinuka ambapo kingo za viatu huteleza. Visugue kwa brashi ya waya, uweke grisi ya joto kali, kiasi cha punje ya mchele kwa kila kimoja. Ajasta ifunguliwe yote, uzi usafishwe, upakwe grisi hiyohiyo, irudishwe ikiwa fupi kabisa. Kazi hii ya dakika kumi ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo ingeiokoa Probox ya mama. Mikono yako isiwe na grisi unaposhika lainingi. Iliyoguswa ipanguswe kwa msasa.

Na hapo, kabla dramu haijarudi, legeza kabisa nati ya kebo ya hendibreki. Hakikisha mkono ulio kwenye kiatu cha nyuma umetulia mwisho wake, hauelei. Bila hatua hii, yote yanayofuata ni bure.

Rudisha dramu, zungusha kwa mkono. Itakuwa huru. Sasa, kupitia tundu la nyuma, zungusha nyota jino baada ya jino hadi dramu iwe nzito, kisha uirudishe polepole mpaka izunguke na kutoa mkwaruzo mwepesi tu, kama mtu anayefagia chumba cha pili. Fanya upande mwingine vilevile. Kanyaga pedali mara kadhaa kwa nguvu. Viatu vitajipanga katikati ya dramu. Zungusha tena usikilize. Mara nyingi utakuta mwanya umeongezeka kidogo, na jino moja au mawili yatahitajika tena. Pande zote mbili zilingane kwa mkono wako.

Hendibreki ni ya mwisho. Sasa ndipo nati ya kebo inapopata haki yake. Kaza kidogo, vuta hendibreki, hesabu milio ya meno yake inapopanda. Magari madogo mengi hutaka milio kati ya 5 na 9, na kitabu cha gari lako kitakupa idadi kamili. Ukiachilia, magurudumu yote mawili ya nyuma yazunguke huru kama yalivyokuwa kabla hujagusa kebo. Kama hayazunguki, umekaza mno, hata kama milio ni sahihi.

Kama silinda ilifunguliwa, hewa imeingia na lazima itolewe. Mtu mmoja anakanyaga, mwingine anafungua nipo, skurubu ndogo ya kutolea hewa kwenye silinda, kwa nusu mzunguko na kuifunga kabla mguu haujaachia, na chupa ya mafuta ya breki iliyo juu isiachwe ikauke. Tumia mafuta ambayo kifuniko cha chupa kinataja, kwa kawaida DOT 3 au DOT 4. Hizi mbili zinaweza kuchanganyika. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganyiki nazo. Mafuta ya injini au ya giabox hayaingii hapa hata kwa dharura, kwani huvimbisha raba zote za mfumo na utabadilisha kila kitu kuanzia masta hadi magurudumuni.

Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa, na hewa ya kando ya ziwa ina unyevu wa kutosha. DOT 3 mpya haichemki mpaka ifike angalau nyuzi 205. Ikishafyonza maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Yakichemka ndani ya silinda hugeuka mvuke, mvuke hubonyea kama hewa, na pedali inakwenda sakafuni katikati ya mteremko. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili, hata kama rangi bado inapendeza.

Na moto hautoki mbali. Chukua gari lenye abiria na mizigo, tani moja na nusu, lishuke mita 700 kama kwenye mteremko wa kutoka Nandi Hills kwenda Chemelil. Nguvu inayopaswa kumezwa ingetosha kuchemsha maji ya mtungi mmoja na nusu wa lita 20, kuanzia maji baridi. Ukishuka gia ikiwa huru, karibu yote inaingia kwenye diski na dramu. Dramu ikipata moto hutanuka, inakimbia viatu, mwanya unapanuka palepale na pedali inashuka, na wakati huohuo lainingi yenyewe inapoteza ushikaji wake. Aliyeanza mteremko na mwanya mpana tayari hana pa kukimbilia. Shuka kwa gia ile ambayo ungepandia. Lenye gia za kujiendesha lina L, 2 au B kwa kazi hiyo. Ukifika chini, usivute hendibreki dramu zikiwa za moto sana. Weka jiwe, acha zipoe.

Jambo moja kwa wenye Hiace na pikapu mlioongeza springi ili gari lisikae chini na mzigo. Mengi ya magari hayo yana vali karibu na ekseli ya nyuma, yenye mkono unaopima jinsi bodi ilivyoshuka. Bodi ikishuka, vali inajua kuna mzigo na kuruhusu nguvu zaidi ya breki nyuma. Mkiinua bodi kwa springi, vali inadhani gari ni tupu hata likiwa limejaa, na breki za nyuma zinanyimwa nguvu kila siku. Mkono wa vali hiyo lazima urekebishwe upya baada ya kuinua. Viatu vipya pekee havitasaidia.

Viatu vipya havishiki kikamilifu siku ya kwanza, maana vinagusa dramu kwa sehemu tu ya uso wake. Kwa kilomita mia mbili za mwanzo kanyaga mapema, kwa upole, kwa vituo vingi vifupi, na usianze na Riat. Mama yule nilimwomba apitie barabara za tambarare hadi Ahero na kurudi kwanza. Alilalamika kwamba ndizi zake zilikuwa zimeuzwa kwa bei ya jioni, na alikuwa na haki ya kulalamika, kwani kazi ilichukua nusu siku badala ya dakika tano alizoomba. Wiki tatu baadaye alisimama tena, akiwa ametoka Mbale na mzigo. Nilisogeza kiganja karibu na gurudumu la kushoto, kisha la kulia, bila kugusa. Joto lilikuwa sawa. Hendibreki ilishika kwenye mlio wa 7, na nyuma ya nati ya kebo kulikuwa bado na uzi mrefu.